Daftari la Akiba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Wifi yako amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha namtaja kabla sijasema lolote lingine, basi huyo, nimemtaja. Anakusalimu sana, na anasema kile kitambaa cha meza ulichomtumia bado hajakitandika kwa sababu anaogopa mimi na chai yangu. Goti lako linaendeleaje? Kwenye simu ulisema limepona, lakini ulisema haraka haraka, na mimi nakujua tangu utoto: ukisema jambo haraka haraka, halijawa kweli. Shemeji ameshakubali kuvaa miwani, au bado anasoma gazeti kwa kunyoosha mkono mpaka bega linamuuma? Wapwa zangu waambie mjomba wao bado yupo duniani na simu anayo. Sisi huku wazima, ukiacha mafua ya wifi yako na paa la jikoni, linalovuja palepale ambapo fundi aliapa kwamba ameziba.

Najua umeshaanza kujiuliza huyu ana nini, barua ya mkono, kurasa zote hizi, na simu ipo. Nina sababu mbili. Ya kwanza, kwenye simu unanikatiza. Ya pili utaiona mwenyewe mbele. Utakuta maneno nimeyakata, mengine nimeyarudia, na ukurasa wa tatu una doa la chai (wifi yako alisema kweli). Sikunakili upya. Nataka uone kwamba mkono ni wangu na makosa ni yangu.

Habari kubwa ya huku ni ya shuleni. Unajua huu ni mwaka wangu wa ishirini na sita nafundisha insha, na wa tisa tangu niwe mkuu wa idara ya lugha. Wanafunzi wananiita Kitasa. Wanadhani sijui. Ati nikishafunga mdomo nimefunga, na nikishamtilia mtu shaka hakuna ufunguo wa kunigeuza. Ukichanganya na kwamba mzee wetu alikuwa fundi wa vitasa na funguo, jina limenikaa kama nililozaliwa nalo. Sikasiriki. Mimi na wewe tumerithi kwake tabia ya kufunga mlango, kwenda hatua tano, halafu kurudi kuusukuma.

Sasa, mwaka huu wameingia na hiyo akili mnemba. Wapwa zangu lazima wanayo kwenye simu zao: unaiambia unachotaka, sekunde mbili tatu, inakuandikia ukurasa mzima bila kufuta neno. Mwanzoni niliona ni mchezo wa watoto. Muhula wa kwanza nikawapa darasa la mwisho insha juu ya mtu waliyempoteza. Nikapokea bibi kumi na mmoja, wote wamekufa wakitabasamu, wote wameacha "urithi wa upendo usiopimika". Bibi kumi na mmoja, dada! Mmoja wao nilikuwa nimemwona kwa macho yangu sokoni wiki hiyohiyo, anagombania fungu la nyanya. Kijana mwingine, mvivu hata wa kuiba, alinakili mpaka mwisho kabisa, na mwisho wenyewe ulisema: natumaini hii imekusaidia, je, ungependa niongeze aya nyingine? Nikamjibu kwa wino mwekundu kwamba hapana, ahsante, inatosha.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Nikawa nanusa kila karatasi. Insha ikiwa mbovu, nasema huyu ameiharibu makusudi ili nisimshuku. Ikiwa nzuri, ndiyo kabisa. Nikaanza kuwatazama vidole. Nikawa naingia darasani kimyakimya wakati si kipindi changu. Wifi yako alinikuta napekua tangazo la mazoezi ya michezo na kalamu mkononi, akaniuliza kama nimeanza kazi ya upelelezi. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Akasema kwenye nguo zangu yeye huona chaki tu.

Mwishowe nikaenda kwa mkuu wa shule. Ni mama mtulivu, zamani alikuwa akifundisha hesabu, na hapandishi sauti hata paa likianguka. Nikapendekeza kanuni, naye akaikubali: atakayethibitika kuleta maandishi ya mashine akasema ni yake, jina lake halitakwenda kwenye orodha ya mtihani wa mwisho. Mwaka mzima umepotea, na kwa wengine ndiyo shule imekwisha. Mkuu akasema tuongeze maneno, isomeke mwanafunzi au mwalimu, na kwa mwalimu adhabu ataamua yeye. Mimi nikacheka. Nikasema sisi walimu tuna haja gani na mashine. Kikumbuke hicho kicheko, tutakirudia.

Mwalimu wa kompyuta, kijana mwenye ndevu chache na maneno mengi, akatuletea programu ya kupimia maandishi. Tukaijaribu kwa tangazo la karani kuhusu usafi wa vyoo. Ikasema asilimia tisini ni kazi ya mashine. Karani alinuna siku mbili, hasalimiani na mtu. Basi nikasema kazi hiyo niachieni mimi, pua yangu inatosha.

Hapa lazima nikueleze kitu kimoja cha darasani kwangu, maana bila hicho hutanielewa. Tangu nianze kazi, kila mwanafunzi wangu ana daftari analoliita daftari la akiba. Akisikia au akisoma sentensi iliyomgusa, anaiweka humo, ukurasa wa kushoto. Ukurasa wa kulia anaandika ameipata wapi: nani kasema, siku gani, mahali gani. Hata kama ni kondakta, hata kama ni mlevi. Nawaambia maneno mazuri ni kama mbegu, huziweki tu, unaziweka ukijua ni za shamba gani. Na wakitaka kuitumia sentensi ya akiba kwenye insha, ruksa, mradi iko daftarini na chanzo chake. Kila Ijumaa nakusanya, nasoma, napiga tiki. Hivyo ndivyo ninavyosema kwa wazazi. Ukweli ni kwamba miaka ya karibuni nimekuwa nikipiga tiki tu. Madaftari arobaini na mawili, dada, na macho haya.

Haya. Kuna binti wa darasa la mwisho wanamwita Sindano. Mwembamba, mkimya, akisema neno linachoma. Mama yake ni dobi, anapokea nguo nyumbani, ndiye anayemlea peke yake. Mwezi uliopita nikawapa insha yenye kichwa kimoja tu: Mgeni. Sindano akaandika juu ya koti. Mteja aliliacha kwa mama yake kunyooshwa, hakurudi tena. Miaka sita. Na kila mwisho wa mwezi mama analishusha, analikung'uta, analinyoosha upya, analitundika, kwa sababu mwenyewe akija asije akalikuta na mikunjo. Nilisoma nimesimama. Nikakaa. Katika miaka yote ishirini na sita sijapokea insha kama ile. Na wewe unajua kwa hali niliyokuwa nayo, uzuri huo ulinifanyia nini.

Halafu katikati ya insha, pale mama anapolikunjua koti, nikakuta sentensi moja. Ilikuwa sentensi ya mashine, na sikuwa nabahatisha kama kwa wale bibi. Hii niliijua. Siiandiki hapa kwa sasa, nitaiandika nikipata moyo. Na usiniulize bado nilijuaje.

Nikaanza kazi. Siku iliyofuata nikamwita Sindano abaki darasani, nikampa karatasi tupu na kichwa kipya, nikasimama nyuma yake. Dakika arobaini akaandika nusu ukurasa, wino umemwagika, hata herufi zilikuwa zinatetemeka. Nikasema moyoni, umenaswa. Kumbe ni nani angeweza kuandika huku Kitasa anampumulia kisogoni? Hilo sikujiuliza siku ile.

Nikaenda mpaka nyumbani kwao. Chumba kimoja na nusu, kamba tatu za nguo, pasi imewekwa juu ya tofali, kila vazi lina kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini. Mama mtu akanipa kiti pekee. Nikamuuliza kuhusu simu. Akanionyesha yake, ya vitufe, kioo kimepasuka, inapiga na kupokea basi. Nikamuuliza kama mtoto huwa anaenda kwenye duka lenye kompyuta pale kona. Akasema huwa anapeleka nguo za mwenye duka. Aha! Nikaandika hilo. Na nyuma ya mlango, dada, lilikuwepo koti. Jeusi, limefunikwa kwa nailoni. Ungedhani hapo ningeona haya nikarudi zangu. Mimi nikajiambia wamelitundika kwa ajili yangu.

Jumatano tukakaa kikao ofisini kwa mkuu: yeye, mimi, mwalimu wa kompyuta, mama mtu na Sindano. Nikasoma ile sentensi kwa sauti. Nikasema mbele ya wote kwamba naijua sentensi ya mashine kama ninavyoujua mlio wa mlango wa nyumba yangu, na hii ni ya mashine, niko tayari kuapa. Mkuu akamuuliza binti ameitoa wapi. Sindano akainua kichwa, akafungua mdomo. Halafu akanitazama mimi. Akafunga mdomo, akainama, na hakusema tena hata neno moja, hata mama yake alipomshika bega na kumtikisa. Mkuu alimuuliza mara nne. Kwangu mimi kunyamaza kule kulikuwa kukiri.

Mama mtu akaomba aonyeshwe yaliyokosewa ni maneno yapi. Akayafuata kwa kidole, polepole. Akasema ya mashine yeye hayajui, ila koti ni la kweli, na kama mtoto anafutiwa mtihani kwa mstari mmoja basi bora wangemwambia mapema akamfundisha kunyoosha nguo. Aliyasema bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ikaamuliwa jina liondolewe. Orodha ilikuwa iondoke Ijumaa mchana.

Alhamisi asubuhi nikachukua madaftari ya akiba ya Sindano, la mwaka huu na la mwaka jana, ili nikamilishe ripoti. Nilitaka kuandika kwamba sentensi haimo, hivyo hana pa kujitetea. La mwaka huu haimo. Nikatabasamu, Mungu anisamehe. Nikafungua la mwaka jana.

Sasa ndiyo nafika, dada. Kama umesimama, kaa.

Ukurasa wa kushoto, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, ilikuwepo: "Wanangu, msifunge milango ya mioyo yenu." Na ukurasa wa kulia: "Mwalimu wetu, akisoma wasifu wa baba yake siku ya maziko. Ni maneno ya mwisho ya marehemu." Tarehe ipo. Mahali papo. Na chini yake, kwa wino mwekundu, mkono wangu mwenyewe, tiki kubwa na maneno: Safi sana!

Utakumbuka shule ilileta wanafunzi kumi kwenye maziko, walisimama karibu na ukuta. Sindano alikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Nikamwita. Nilimuuliza kwa nini hakusema kwenye kikao, sentensi moja tu ingemwokoa. Akasema mwanzoni alidhani nimesahau, akawa anataka kunikumbusha. Lakini niliposema niko tayari kuapa kwamba ni ya mashine, akaelewa kwamba sijasahau. Akasema kama ni ya mashine, basi marehemu hakusema, na yeye hawezi kusimama mbele za watu akamwambia mtu kwamba baba yake hakusema. Akaongeza kwamba siku ile kwenye maziko alimwona dada yake Mwalimu akilia, na akafikiri habari zikitoka zitamfikia. Mtoto wa miaka kumi na nane, dada. Alikuwa tayari kupoteza shule ili wewe usiumie, na hajui hata unaitwa nani.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na sikuomba. Nilikwenda kwa mkuu saa ileile, na daftari mkononi, nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti, kama kawaida yake. Aliandika jina la Sindano upya kwa mkono wake kwenye orodha, akapiga muhuri. Kisha akasema kanuni inasema mwanafunzi au mwalimu. Ukuu wa idara nimeuweka chini, insha sitasahihisha mpaka bodi ikae, na maelezo yangu nitayasoma mwenyewe mbele ya walimu wote Jumatatu. Kwa mama wa Sindano nilikwenda jioni ileile kuomba radhi. Alinipa tena kile kiti. Lakini kabla ya hapo, nilipokuwa naondoka ofisini, mkuu aliniuliza jambo moja tu: dada yako anajua? Maana sasa alikuwa ameikumbuka ile picha niliyowahi kumwonyesha kwa majivuno, ya sebule yako, na maneno yale uliyoyadarizi kwa mkono miezi miwili, uzi wa bluu, ukayatundika juu ya mlango.

Hayo maneno baba hakuyasema.

Nitakuambia ilivyokuwa, na safari hii sitasema haraka haraka. Siku moja kabla ya maziko nilikaa kwenye meza yake ya kazi, ile yenye jiliwa la kubania vyuma, na karatasi. Nilijaribu kuandika wasifu tangu asubuhi. Mimi, mwalimu wa insha! Nikiandika kwamba alikuwa mwema, nacheka. Nikiandika ukweli, kwamba alifunga kwa kufuli mpaka kopo la sukari, naona aibu. Simu ilikuwa na ile programu, mwalimu wa kompyuta aliniwekea tukitaniana. Nikaiandikia mistari michache: fundi wa vitasa, mkali, mchapakazi, watoto wawili. Na maneno yake ya mwisho nikaiandikia kama yalivyokuwa. Ikanirudishia ukurasa mmoja na nusu. Haukuwa na kosa hata moja, na ulisikika kama wasifu. Maneno yake ya mwisho ilikuwa imeyasafisha, ikayanyoosha, yakawa hayo unayoyajua. Ndiyo maana nilipoyakuta kwa Sindano nilidhani mashine imempa na yeye. Niliyaona. Ningeweza kuyarudisha. Mashine haikunishika mkono. Niliyaacha kwa sababu yalikuwa mazuri, na kwa sababu yale ya kweli yalinishtaki mimi.

Nilisoma, watu wakalia, nawe ukalia. Baadaye ukaniuliza mara mbili kama kweli mzee alisema hivyo. Nilikujibu ndiyo.

Sasa sikiliza ya kweli. Unajua lile la zamani, hatulitaji lakini lipo. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, ukachelewa kwenye mafunzo ya ushonaji, ukafika saa moja na nusu wakati amri ilikuwa saa moja kamili. Mlango umefungwa. Ukabisha mara tatu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, hakuinuka. Nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja, ufunguo wangu uko shingoni kwa kamba ya kiatu, na sikuinuka pia. Ukaenda kulala kwa jirani, kesho yake kwa shangazi, na tangu hapo, miaka arobaini, umekuwa ukija nyumbani kwenu kama mgeni. Unakaa kiti cha karibu na mlango, unakunywa chai, unaaga mapema. Hukulala tena chini ya paa lile. Najua unaamini mzee alikufa hajakusamehe. Hukuwahi kuniambia. Naona tu unavyokaa kwenye kile kiti.

Siku aliyokufa alikuwa amelala chumba cha mbele, alikataa kulazwa mbali na mlango. Asubuhi nilikuwa nimekupigia simu, ukasema unaanza safari, nami nikamwambia. Alasiri upepo ukaanza, vumbi likawa linaingia mpaka kitandani. Nikainuka nifunge mlango. Akafumbua macho. Akasema, polepole lakini kwa sauti ileile yake ya amri:

"Usifunge. Dada yako hajaingia."

Basi. Ndiyo hayo. Hakuna mioyo, hakuna wanangu. Mzee yule ambaye hakuwahi kuacha hata dirisha wazi, alisema mlango usifungwe, kwa ajili yako. Nami nilimwambia ndiyo, baba, na nikaufunga. Nilijiambia anaweweseka, nikajiambia ni vumbi. Nikazungusha ufunguo, mkono umezoea. Nikaenda jikoni kumchemshia maji. Niliporudi alikuwa ameshakata roho, na uso ameugeuzia mlangoni.

Ulifika kesho yake asubuhi. Ulibisha mara tatu. Nilipokufungulia hukunitazama mimi, ulikitazama kitasa, ukasema: "Hata leo." Nikakupa pole ya safari, nikachukua mfuko wako. Mwaka mzima neno lako hilo linanizunguka, dada. Jibu nilikuwa nalo mdomoni na nikalimeza. Jibu ni kwamba siku ile baba aliuacha wazi. Niliyekufungia ni mimi, na mara ya kwanza pia nilikuwa na ufunguo.

Kitambaa cha juu ya mlango ukifumue au ukiache, sina haki ya kukushauri. Hasira yako ni haki yako, na ukitaka kunikatiza sasa, simu iko wazi. Msalimie sana shemeji, wapwa zangu wabusu, na hilo goti lionyeshe daktari, acha ubishi. Wifi yako ameshasoma mpaka hapa juu ya bega langu. Ameniuliza kama nimeweka stempu.

Jumamosi ya wiki ijayo, nikishasoma maelezo yangu kwa walimu, nitapanda gari nije huko. Nitabisha. Hata ukikaa kwenye kiti chako usiinuke, nitasubiri palepale nje.

Ni mimi mdogo wako,
Kitasa